Tromsø hadi Longyearbyen ni kilomita ngapi, na kwa nini ramani ya ukutani inatudanganya?

Kaskazini69 (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Nimekuwa msomaji tu humu kwa miaka mingi, leo naleta uzi wangu wa kwanza. Naishi Tromsø, kaskazini mwa Norway, mwaka wa sita sasa, nafanya kazi jikoni hotelini. Hivi karibuni nilipata kibarua cha wiki tatu Longyearbyen, mji mkuu wa visiwa vya Svalbard. Nilipowaarifu nyumbani Iringa, mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha tatu, akachukua rula akapima kwenye ramani ya dunia iliyobandikwa sebuleni. Akanipigia: "Mjomba, huko ni mbali kama Dar hadi Libreville kule Gabon! Utalala njiani."

Ndege yetu iliondoka saa 6 mchana. Saa 8 kasorobo nilikuwa nimesimama nje ya uwanja wa Longyearbyen nasubiri basi. Nikampigia kijana. Hakukubali. Alidhani nimeahirisha safari nikaona aibu kusema.

Nimeona nilete hapa kwa sababu rula ya kijana haikukosea hata kidogo. Nilimwambia anitumie picha ya ramani yenyewe, nikapima tena, nikapata kama yeye. Ile ni ramani ya mtindo wa Mercator, Mflemi aliyeitoa mwaka 1569 ili mabaharia wafuate dira kwa mstari ulionyooka. Kwa baharia ilikuwa neema, ila ilibidi dunia ivutwe kadiri unavyopanda kuelekea kwenye ncha. Penye Tromsø, latitudo nyuzi 69.7, kila kitu kimevutwa karibu mara 2.9. Penye Longyearbyen, nyuzi 78.2, kimevutwa mara 4.9. Ukikivuta kipande chote cha katikati namna hiyo, safari ya kilomita 960 hivi inasomeka kama kilomita 3,500 za pale ikweta. Dar hadi Libreville, kutoka Bahari ya Hindi mpaka Atlantiki, ni kama kilomita 3,400. Kijana alipima sawasawa kitu ambacho hakipo duniani.

Kwa mizani ya nyumbani: Dar hadi Mwanza kwa mstari ulionyooka ni kilomita 850 hivi. Ongeza mia moja na ushee, ndiyo Tromsø hadi Longyearbyen. Ratiba inaandika saa 1 na dakika 35 hadi 40.

Naomba wenye ujuzi wa ndege na wa ramani tuchangie. Kuna mengi kuhusu njia hii ambayo nimeyaona kwa macho na sijayapatia maelezo.

---

MwlRamani

Ahsante sana mleta uzi. Mimi ni mwalimu wa jiografia Songea, na hili ndilo jambo linaloniumiza kila mwaka. Mwanafunzi anatoka darasani akiamini Greenland inalingana na Afrika, wakati Afrika inaimeza Greenland mara 14.

Hebu tuonyeshe hesabu ili wanafunzi wanaopita humu waone kwamba haihitaji programu yoyote. Uwanja wa Tromsø uko latitudo 69.683 kaskazini, longitudo 18.92 mashariki. Longyearbyen uko 78.246 kaskazini, 15.47 mashariki. Tofauti ya latitudo ni nyuzi 8.56. Huko juu uzi mmoja wa latitudo ni kama kilomita 111.6, kwa hiyo kwenda kaskazini tu ni kilomita 955.

Sasa angalia longitudo. Tofauti ni nyuzi 3.45. Kwetu ikweta, uzi mmoja wa longitudo ni kilomita 111.3, kwa hiyo zingekuwa karibu kilomita 384. Lakini mistari ya longitudo inabanana kuelekea ncha kama vipande vya chungwa. Penye Tromsø uzi mmoja umebaki kilomita 38.8, penye Longyearbyen 22.7 tu. Chukua latitudo ya katikati, nyuzi 74, utapata kama kilomita 31. Zidisha kwa 3.45: kilomita 106 basi.

Weka pembetatu ya Pythagoras: 955 kwenda juu, 106 kwenda pembeni. Jibu ni kilomita 961. Yaani ule mchepuko wote wa magharibi umeongeza kilomita 6 tu kwenye safari. Ukitaka kumfanya mtoto apende hesabu, mpe hii.

---

KisuKikali

Mwalimu, nakuheshimu, lakini nimeingia kwenye tovuti mbili za kukokotoa umbali. Moja inasema 957, nyingine 961. Mleta uzi kasema "960 hivi". Ipi sahihi? Viwanja ni vilevile na dunia ni ileile.

---

MwlRamani

Swali zuri, ndugu. Zote mbili ni za kweli kwa namna yake. Inayokupa 957 imeichukulia dunia kuwa tufe kamili lenye nusu kipenyo cha kilomita 6,371. Inayokupa 961 imekumbuka kwamba dunia imebonyea kidogo kwenye ncha na imetuna ikweta. Penye ncha uso wake umekaa bapa zaidi, kwa hiyo ili upande uzi mmoja wa latitudo lazima utembee zaidi: karibu kilomita 111.7, wakati pale ikweta ni 110.6. Katika nyuzi 8 na nusu tofauti hiyo inajikusanya kuwa kilomita tatu au nne.

Kwa abiria hizo ni sekunde 15 hewani. Lakini nafurahi umeuliza, maana watu wengi wakiona tarakimu mbili wanachagua moja na kuitupa nyingine bila kuuliza.

---

FunditaNdege

Nimefanya kazi ya ufundi wa ndege miaka 19, naomba nichangie upande wa saa.

Ndege za aina ya Boeing 737 zikifika juu zinatembea karibu kilomita 830 kwa saa. Gawanya 960 kwa 830, unapata saa 1 na dakika 9. Ratiba inasema dakika 95 hadi 100. Dakika kama 30 zimekwenda wapi? Watu wanadhani kampuni zinajiwekea akiba tu. Akiba ipo kidogo, ila sehemu kubwa ni kazi halisi. Saa ya ratiba inaanza kuhesabiwa ndege inapoondoka kwenye maegesho na inaisha inapoegeshwa upande wa pili. Kuna kutembea ardhini kwenda kwenye njia ya kurukia. Kuna kupanda kufika kilomita 10 au 11 juu, dakika 20 hivi, na wakati wote huo hujafika mwendo kamili. Kuna kushuka, ambako mwendo unapunguzwa hatua kwa hatua. Na kaskazini wakati wa baridi kuna kunyunyizia mabawa dawa ya kuyeyusha barafu. Hiyo hairukwi hata ratiba iwe imechelewa vipi, kwa sababu bawa lenye ukoga wa barafu halibebi ndege inavyotakiwa.

Ndiyo maana safari ikiwa fupi, wastani wa mwendo unashuka. Kuna kindege cha Dornier 228, chenye injini za pangaboi, kinachopeleka watafiti kutoka Longyearbyen hadi Ny-Ålesund, kijiji cha utafiti hukohuko Svalbard. Umbali ni kilomita 110, dakika kama 25. Hapo wastani ni 260 kwa saa. Tromsø hadi Longyearbyen wastani ni kama 590. Oslo moja kwa moja hadi Longyearbyen ni kilomita 2,015 hivi kwa karibu saa 3, wastani umefika 670. Anayekadiria muda kwa kugawanya umbali kwa mwendo wa ndege peke yake atakosea zaidi kwenye njia fupi kuliko ndefu.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: baridi yenyewe inapunguza mwendo. Ndege hizi huendeshwa kwa kipimo cha Mach, yaani sehemu ya mwendo wa sauti. Sauti hutembea polepole kwenye hewa ya baridi. Mach 0.78 kwenye hewa ya nyuzi 56 chini ya sifuri ni karibu kilomita 829 kwa saa. Ikifika nyuzi 65 chini ya sifuri, Mach ileile ni 812. Ndani ya ndege huwezi kuhisi lolote.

---

PweaniMakunduchi

Fundi, na upepo je? Sisi wavuvi tunajua kwamba muda wa kwenda na kurudi haulingani hata siku moja. Ukienda kwa mbisho unaweza kutumia mchana kutwa mahali ambapo ukirudi na upepo wa nyuma ni saa mbili tu. Ndege nazo zinapata mbisho?

---

FunditaNdege

Zinapata sana, kaka. Chukua upepo wa mbisho wa kilomita 100 kwa saa, jambo la kawaida kabisa kule juu. Ndege ya 830 inabaki na 730 juu ya ardhi, kwa hiyo kilomita 960 ni dakika 79. Upepo uleule ukiwa nyuma, 930, dakika 62. Tofauti dakika 17 kwenye njia ileile, ndege ileile. Ila njia hii ni ya kusini-kaskazini, na pepo kubwa za huko juu mara nyingi hutoka magharibi kwenda mashariki, kwa hiyo zaidi zinasukuma ndege ubavuni. Rubani anaelekeza pua kidogo upande wa upepo ili asipeperushwe nje ya mstari, kama nahodha anavyofanya.

---

BintiUvira

Jambo wote. Mimi pia naishi Tromsø, tulikuja na familia kupitia mpango wa wakimbizi, kwetu ni Uvira. Muache niongeze kitu yenye fundi hakusema, juu saa ya safari si ya ndeke peke yake.

Svalbard ni ya Norway, lakini iko nje ya eneo la Schengen, zile nchi za Ulaya zenye zinatumia viza moja na hazikagui pasipoti kati yao. Kwa hiyo ndeke yenye inatoka Oslo na kupita Tromsø, abiria wote wa Longyearbyen wanashuka hapa, wanapita kwenye dirisha la pasipoti, halafu wanarudi ndani ya ndeke ileile na kukaa viti vilevile. Mama mmoja mzee aliniuliza kama tumefika. Nilimwambia, mama, bado, hapa tunatoka Ulaya tu.

Halafu kuna jambo la viza, tafadhali mulisikie vizuri. Kwa mkataba wa mwaka 1920, ulioanza kazi 1925, Svalbard yenyewe haidai viza kwa mtu wa nchi yoyote. Mkongo, Mtanzania, Mkenya, wote. Unaweza kuishi na kufanya kazi kule ikiwa unajitegemea kwa nyumba na chakula. Lakini njia ya kawaida ya kufika ni kupita Norway bara, na bara inadai viza ya Schengen. Ukitoka kwenda Svalbard umeshatoka Schengen. Ukirudi unaingia tena. Kwa hiyo lazima viza iwe ya kuingia mara mbili au zaidi.

Kaka yangu alikuja kututembelea kutoka Kampala. Wakala aliyemsaidia na makaratasi alimwambia, "Svalbard hakuna viza, usijali." Alimpatia ombi la viza ya kuingia mara moja. Tulikuwa tumeshalipa tiketi zote. Asubuhi ya safari ndiyo tulitambua kwamba akipanda hataweza kurudi bara. Alibaki kwangu, tukaenda bila yeye. Mpaka leo inaniuma, juu alikuwa ametamani sana kufika kule.

---

Kaskazini69

Pole sana dada BintiUvira. Hilo lilinipita kabisa kwenye uzi wa kwanza, na ni muhimu kuliko kilomita zote. Wakuu, anayepanga safari hii aanze na viza ndipo aje kwenye tiketi.

Kwa kuwa dada amegusa muda wa ardhini, niandike siku yangu ilivyokwenda. Nilitoka nyumbani saa 3 na nusu asubuhi. Uwanja wa Tromsø uko kisiwa kilekile cha mji, basi halichukui hata robo saa. Mzigo, ukaguzi, pasipoti, kusubiri. Saa 6 tukaondoka. Dakika 98 baadaye tuko chini. Uwanja wa Longyearbyen uko kilomita 5 hivi nje ya mji, basi la uwanjani linasubiri kila ndege. Saa 8 na dakika 40 nilikuwa mlangoni kwa mwenyeji wangu. Jumla saa 5 na dakika 10, na ndani yake angani ni saa moja na nusu.

Kutoka nyumbani Dar, mstari ulionyooka hadi Longyearbyen ni karibu kilomita 9,570. Nairobi iko juu kidogo, kama 8,940. Hakuna ndege ya moja kwa moja. Unahitaji angalau ndege tatu, na mara nyingi kulala Oslo.

---

WaNyeri

Nimesoma hii thread yote kwa makini, hongereni. Kuna kitu sisi Wakenya hatufai kusahau tukitaja Longyearbyen. Juu kidogo ya huo uwanja wa ndege, ndani ya mlima, ndiko iko hifadhi ya mbegu ya dunia. Ilifunguliwa 26 Februari 2008, na aliyeshirikiana na waziri mkuu wa Norway wa wakati huo, Jens Stoltenberg, kuweka mbegu za kwanza ni Profesa Wangari Maathai wetu. Nyanyangu ana picha yake akiwa na koti nzito la baridi, ameikata gazetini.

Mbegu zinawekwa kwa nyuzi 18 chini ya sifuri, zaidi ya mita 100 ndani ya mlima. Na kisa cha kuchagua hapo ni haya mambo mnaongea: ni mbali kiasi cha kuwa na utulivu, ardhi imeganda mwaka mzima, lakini kuna ndege ya ratiba kila siku nyingi za mwaka, kwa hivyo kreti ya mbegu kutoka Nairobi inaweza kufika. Mahali pa mbali kabisa pasipo na uwanja pangekuwa bure.

---

Kaskazini69

Mkuu WaNyeri, umenifurahisha. Mlango wa hifadhi ile nimeuona. Ni kama kabari ya zege imechomoza kwenye mteremko, na juu yake kuna kioo kinachowaka usiku. Nilikuwa sijui habari ya Mama Wangari. Siku ya mapumziko ijayo nitapanda tena pale nikijua.

Ardhi kuganda mwaka mzima ina upande wa pili. Uwanja ulifunguliwa rasmi mwaka 1975, na njia ya kurukia, ndefu kama kilomita 2 na nusu, imelala juu ya udongo ulioganda. Kiangazi tabaka la juu linayeyuka, majira ya baridi linaganda na kuvimba, na lami inapata mawimbi. Wanaikarabati mara kwa mara. Kabla ya uwanja huo, watu wa Longyearbyen wakati wa baridi walikuwa kisiwani kweli. Bahari ikiganda meli hazifiki. Mwaka 1959 ndege ya jeshi ilitua bondeni Adventdalen, kwenye ardhi tupu iliyoganda, na tangu hapo zikawa zinatua za aina hiyo chache chache gizani. Fikiria mchimba makaa anayesubiri barua ya mkewe tangu vuli.

---

KisuKikali

Fundi, WaNyeri kasema kuna ndege karibu kila siku. Hali ya hewa ikiharibika ghafla kule, ndege inakwenda wapi? Hakuna uwanja mwingine karibu.

---

FunditaNdege

Hapo umegusa kiini cha viwanja vya mbali. Ndege yoyote lazima ibebe mafuta ya kufika inakokwenda, ya kwenda uwanja wa akiba, na ya ziada. Ukienda Mwanza una Kilimanjaro, una Entebbe. Ukienda Longyearbyen, njia ya Ny-Ålesund ni ya changarawe na haifiki hata kilomita moja. Ndege kubwa ya abiria haitui hapo. Kwa hiyo uwanja wa akiba ni bara, mara nyingi Tromsø penyewe. Ndege inapaa ikiwa na mafuta ya kwenda, kuzunguka, na kurudi kote. Mafuta hayo ni uzito, na uzito huo unakula mafuta mengine.

Na msidhani ni tahadhari ya makaratasi. Tarehe 29 Agosti 1996, ndege ya Tupolev Tu-154 kutoka Moscow ilikuwa inakaribia Longyearbyen katika mawingu. Ilikuwa imebeba wachimba makaa na familia zao. Ilitoka nje ya mstari wa kutua ikagonga mlima Operafjellet. Watu 141 walikufa, hakuna aliyesalia. Ni ajali mbaya kuliko zote za ndege katika ardhi ya Norway. Uwanja ule una milima pande zote na bahari mbele, na rubani anayesema "leo sitatua" anafanya kazi yake.

---

Kaskazini69

Fundi, hilo la kurudi limempata mwenzangu wa jikoni, Mfilipino, Julai hii. Walifika juu ya Longyearbyen, ukungu umetanda kutoka baharini. Rubani alijaribu mara moja, akapanda tena, wakazunguka kidogo, akatangaza wanarudi. Walitua Tromsø saa tatu na nusu baada ya kuondoka. Zaidi ya kilomita 1,900, na wakashukia lango lilelile. Aliniambia hakuna abiria aliyelalamika.

Njia hii ina kumbukumbu yake pia. Mwezi Mei 1926 wapelelezi wa ncha, Mnorway Roald Amundsen, Mwitaliano Umberto Nobile na Mmarekani Lincoln Ellsworth, waliondoka Ny-Ålesund kwa puto kubwa la injini lililoitwa Norge. Walipita juu ya Ncha ya Kaskazini tarehe 12, wakatua Teller, Alaska, tarehe 14. Siku tatu. Mlingoti waliofungia puto hilo bado umesimama Ny-Ålesund mpaka leo.

Miaka miwili baadaye Nobile alianguka kwenye barafu kaskazini mwa Svalbard na puto jingine, Italia. Amundsen na Nobile walikuwa wameshagombana vibaya na hawasemezani. Hata hivyo Amundsen aliposikia, alisema atakwenda kumtafuta. Tarehe 18 Juni 1928 alipaa kutoka hapa Tromsø kwa ndege ya majini ya Kifaransa, Latham 47, wakiwa watu sita, kuelekea Svalbard. Ni njia yetu hii hii. Hawakufika. Mwisho wa Agosti lilipatikana boya moja la ndege ile likielea pwani, na miili haijaonekana hata leo. Nobile aliokolewa na wengine.

Sanamu ya Amundsen iko hapa mjini, anaangalia bandarini. Nilikuwa naipita kila siku nikienda kazini bila kusimama. Siku nilipokaa dirishani, kilomita 11 juu ya bahari ile ya kijivu, nikinywa kahawa ya moto, nilihesabu dakika tangu tulipoacha pwani nikajiuliza wao walifika wapi.

---

BintiUvira

Kaka Kaskazini, umenitoa machozi.

Niulize, ulisafiri mwezi gani? Mimi nilienda mwanzo wa Novemba na sitasahau. Tromsø jua lilikuwa lingali linachomoza kwa saa chache, juu hapa linapotea kuanzia tarehe 27 Novemba hivi mpaka katikati ya Januari. Longyearbyen lilikuwa limeshaaga mwisho wa Oktoba na halirudi mpaka katikati ya Februari. Tuliondoka mchana, jua liko chini upande wa kusini. Ndeke ikapanda, mwanga ukageuka machungwa, halafu zambarau, halafu buluu nzito. Tulipotua ilikuwa saa 7 mchana na ni giza-giza kama jioni. Mtoto wangu aliuliza kama tumesafiri siku nzima.

---

MwlRamani

Dada, hiyo ndiyo latitudo. Nyuzi 8 na nusu za kwetu, kutoka Songea kwenda kaskazini, zinakufikisha usawa wa Mwanza, kwenye Ziwa Victoria, na tofauti ya urefu wa mchana kati ya huku na kule haizidi nusu saa hivi. Kule nyuzi hizohizo zinakutoa kwenye mchana na kukuingiza kwenye usiku wa miezi mitatu na nusu.

Nimeutumia uzi huu darasani wiki hii. Tufe la shule liliharibika zamani, kwa hiyo niliomba mpira wa miguu wa timu ya kidato cha pili. Mzingo wake ni sentimita 69. Tukachora ikweta kwa kalamu ya wino mzito, tukaweka ncha mbili, tukagawa nyuzi. Kila uzi ni chini kidogo ya milimita 2. Tukatia alama Tromsø na Longyearbyen, kisha Dar na Libreville, tukapima kwa uzi wa kushonea.

Dar hadi Libreville: sentimita 5 na milimita 9.

Tromsø hadi Longyearbyen: sentimita 1 na milimita 6. Walipima mara tatu, makundi matatu tofauti, kisha wakaomba ramani ya ukutani ishushwe waipime na yenyewe.

---

Kaskazini69

Mwalimu, nimemtumia kijana picha ya maelezo yako. Amejibu sasa hivi kwamba anatafuta mpira.